Ardhi Kwanza, Cheche Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Injini imefika! Ya ndege halisi. Imetoka uwanja wa ndege wa Wilson kwa mkokoteni hadi chuoni kwetu hapa Sarang'ombe, Kibera, watu wakiisindikiza kama bibi harusi. Zawadi ya rubani mmoja aliyestaafu. Silinda nne, plagi nane, pangaboi la mbao mbele. Tumeifunga kwenye fremu ya chuma katikati ya ua.

Christine, mkurugenzi wetu, ametangaza kwamba wafadhili wanakuja Ijumaa. Atakayeifanya ingurume mbele yao atakuwa mkuu wa kozi mpya ya injini za ndege. Macho yote yakanigeukia. Kwa nini yasinigeukie? Nimefundisha stima hapa tangu chuo kilipokuwa kibanda kimoja kinachovuja. Nimesoma vitabu vingi kuliko bodi nzima ya chuo ikijumlishwa na wakwe zao. Nikiikosa nafasi hii nitafundisha kubadilisha balbu mpaka nizikwe.

Kisha akaongeza kwamba amemwalika pia Wanzala, mwenye gereji kule Kawangware. Wanzala! Huniita "mathe", kana kwamba ni mama yake, ilhali tumelingana umri.

Tumeijaribu. Imekohoa, ikawaka, ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ikazimika. Wanzala akasema plagi ni chafu. Mimi nikasema tatizo ni la kimsingi. Sikujua ni lipi, ila nilihisi ni la kimsingi.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kitabu cha injini toka jalada hadi jalada. Mambo ni rahisi. Kuna magneto mbili: vijenereta vidogo vinavyozungushwa na injini yenyewe na kutoa cheche za kuwasha petroli, bila betri. Kila magneto ina waya mwembamba unaokwenda kwenye swichi. Hapo ndipo mwandishi alipolewa. Anadai kwamba waya huo ukiunganishwa na bodi ya injini, yaani ukipelekwa ardhini, magneto inazimika. Ukiachwa peke yake, inafanya kazi!

Nimecheka mpaka Kavoi, mume wangu, akaja kuuliza kama niko sawa. Mtaani kwetu mtu akiegemea mabati ya jirani hurushwa na stima mpaka ng'ambo ya mtaro. Ni nani aliyezunguka Kibera nyumba kwa nyumba, toka Silanga hadi Olympic, na vipeperushi vya "Ardhi Kwanza"? Ni mimi. Kuna watu wanaokunywa chai leo kwa sababu ya waya wa ardhi. Sasa mtu aliyeketi ofisini ng'ambo huko aniambie kwamba waya wa ardhi unaua mashine? Kosa la uchapaji. Nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: Aibu.

Mchana nimetekeleza. Nimechukua shaba nene, nikaiunga kwenye nyaya zote mbili za magneto, nikaipitisha kwenye bodi ya injini, nikaishusha hadi kwenye nondo niliyoigongomea ardhini. Nondo nikaimwagia maji ya chumvi, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu. Kazi safi sana. Nikaizungusha injini.

Haikukohoa hata kidogo. Maendeleo makubwa: mtetemeko wote umekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Wanzala amefungua plagi zote nane na kwenda nazo Kawangware. Hujuma! Nikamfuata. Nilijibanza nyuma ya mama muuza matumbo, mkabala na gereji yake, nikiwa nimejifunika leso. Akaniona mara moja. Akauliza kama nimepotea. Nikasema nimekuja kuchomelewa mkono wa sufuria. Akatazama mikono yangu mitupu, akasubiri.

Nikaenda duka la pili kununua sufuria. Ilikuwa mpya, na mikono yote miwili. Ikabidi niende nyuma ya kibanda kuvunja mmoja kwa jiwe. Niliporudi aliuchomelea, akaniwekea chai, akaniwekea na andazi. Adui anayekukaribisha chai ni adui wa hatari sana. Nikala lakini sikutabasamu.

Plagi zilikuwa zimejaa masizi meusi na vipande vya madini ya risasi. Amezisafisha zote, zinang'aa. Nikamwambia usafi si sayansi. Akasema mikono yake ina digrii. Nikamwomba anionyeshe picha za mahafali ya hiyo mikono. Wateja wake wakacheka. Nimeondoka mshindi, nikiwa na sufuria nisiyoihitaji yenye mkono uliogeuzwa juu chini.

Alhamisi, 6 Machi

Plagi zimerudishwa. Tumezungusha pangaboi asubuhi nzima. Kimya. Wanzala amefungua plagi moja, akailaza juu ya bodi ya injini, akazungusha tena aone cheche. Hakuna. Akajaribu ya pili. Hakuna. Ndipo macho yake yakafuata shaba yangu kutoka magneto hadi kwenye nondo.

"Mathe, toa hiyo kitu," akasema. "Magneto si nyumba."

Nilikuwa nikisubiri sentensi kama hiyo maisha yangu yote. Nikapanda juu ya stuli. Nikawaeleza wanafunzi kuhusu mabepari wa gereji wanaodharau usalama wa mnyonge, kuhusu mabati yanayouma, kuhusu watoto wetu. Sikumbuki yote. Makofi yalikuwa mengi. Hata muuza makaa wa jirani alipiga makofi juu ya ukuta. Christine akaamua kwamba mimi ndiye mwalimu wa stima, kwa hiyo waya utabaki.

Wanzala akakasirika. Akasema basi waya ukibaki magneto zote mbili zimekufa, na kesho atawathibitishia wafadhili hivyo. Watafute nyingine, na watafute mkuu wa kozi anayejua kutofautisha injini na nyumba. Nimeona mbinu yake. Usiku huu nitaandika hotuba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewahi chuoni kabla ya wote. Shaba haipo! Mwizi wa vyuma chakavu ameruka ukuta, amekata shaba yote, na nyaya za magneto amezikata nazo, karibu kabisa na magneto zenyewe. Nondo ameiacha. Imemshinda kung'oa. Nilivyoigongomea mimi, hata serikali haiing'oi.

Nilitaka kupiga nduru. Lakini Wanzala angefurahi. Nikafunika mahali hapo kwa leso yangu, nikafungua petroli, nikaiweka injini tayari kama ilivyoandikwa, ili mtu asije akasema sikujiandaa. Sikuwa na muda wa kuijaribu. Wageni walikuwa langoni.

Wakaketi kwenye viti vya plastiki. Wanzala akatangulia. Alikuwa amevaa koti na kofia ya kitambaa kama mbunge. Akasema kwa masikitiko kwamba injini hii ni maiti. Akasema mwalimu fulani aliizika kabla haijafa. Kisha ili kuwaonyesha, akalisukuma pangaboi kwa kiganja, vile mtu anavyomsukuma ng'ombe aliyesimama njiani.

Injini ikawaka.

Ilinguruma! Haikutetemeka hata chembe! Wanzala aliruka kinyumenyume akaangukia kwenye magunia ya makaa ya jirani yaliyoegemea ukuta, mzima kabisa, ila kofia ilionekana mara ya mwisho ikielekea Lang'ata. Vikombe vya karatasi viliwafuata wageni mpaka langoni. Kisha wakarudi, wakaanza kupiga makofi.

Christine akaniinamia sikioni. "Mwalimu, zima."

"Nimezima."

"Basi zima tena."

Swichi ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha nikaizima, nikaiwasha nikaizima. Injini haikujali. Mwishowe Christine mwenyewe akafunga bomba la petroli, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Mgeni mmoja akauliza kwa nini ilikataa kuzimwa. Nikafungua kinywa, jibu likaja lenyewe.

"Ni ya Kibera hii," nikasema. "Hapa hatuzimwi kwa swichi."

Wakasimama wote. Mmoja alifuta machozi.

Jumamosi, 8 Machi

Nafasi ni yangu! Mkuu wa kozi! Wafadhili wamenitaja kwa jina: Mwalimu Nzembi. Wanzala amelalamika kwamba kiganja kilichoiwasha ni chake na plagi alisafisha yeye. Christine amempa nafasi ya msaidizi wangu, siku mbili kwa wiki. Akakubali, akinuna.

Jioni alikuja hadi mlangoni kwangu. Akaniambia mwizi ndiye aliyetengeneza injini. Waya nilioufunga ndio uliokuwa ukizizima magneto, na ulipokatwa hakukuwa na kitu cha kuzizima tena, hata swichi. Akasema wiki ijayo mtu akigusa pangaboi lile bila kujua, litamkata mkono. Kavoi alikuwa akitikisa kichwa kumkubalia, na Kavoi huwa hatikisi kichwa ovyo.

Nikawaza. Kweli niliwaza, kama dakika nzima. Kisha nikauona wivu wake. Nikampa chai, kwa kuwa nilikuwa nadaiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Darasa la kwanza. Wanafunzi wamejaa hadi juu ya ukuta. Nimewafundisha msingi wa injini zote za ndege: ardhi kwanza, cheche baadaye. Tumeunganisha magneto zote mbili kwa shaba mpya, nene maradufu ya ile ya kwanza, tukaifunga kwenye bodi na kwenye nondo. Wanzala aliomba ruhusa ya kwenda Kawangware kupumzisha kichwa.

Injini imekataa kuwaka. Tumeizungusha mpaka saa kumi. Wanafunzi wakauliza sababu. Nikawaambia imechoka baada ya Ijumaa, hata binadamu huchoka.

Kabla ya kuondoka nimeizungushia shaba yote mnyororo na kuipiga kufuli tatu, na leo usiku Kavoi atalala pale uani na tochi. Mwizi yule asithubutu kuniharibia kazi mara ya pili.