Zamu Yangu Kwenye Mashine ya Barafu

Alhamisi, 13 Februari

Nimeduwaa! Fainali ya hoki ya barafuni ni Jumamosi, na Orville ndiye tena dereva wa mashine ya kulainisha barafu. Miaka yote yeye! Wachezaji wakienda kupumzika, yeye huzunguka uwanja, anakwangua, anamwaga maji ya moto, na kijiji chetu kizima cha Kalynka kinamshangilia kama askofu. Mimi navuna ngano kwa mashine kubwa kuliko ile! Nikamwomba zamu moja tu. Akacheka. Eti Metro bwana, wewe mashine ya kukatia nyasi tu ilikupeleka kwenye banda la kuku la jirani. Mbele za watu!

Ijumaa, 14 Februari

Nimesali. Jibu limekuja upesi: pierogi. Orville hajawahi kukataa pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi na kuliwa kwa krimu. Nikamwomba mke wangu Verna apike sufuria nzima kwa ajili yake. Akauliza, unapanga nini tena, baba wee? Nikamwambia ni upendo kwa jirani. Si uongo. Si sana.

Jumamosi, 15 Februari

Yesu wangu! Mapumziko ya kwanza, Orville yuko jikoni mwa uwanja, mashavu yamejaa. Nikapanda. Nikawasha. Shangwe! Nilipofika katikati nikasimama, niwapungie watu mkono na nipige ishara ya msalaba kumshukuru Mungu. Kumbe maji ya moto yanamwagika tu! Mvuke ukapanda. Nikadhani ni utukufu. Orville akaja mbio, krimu mdomoni, akipiga kelele nisogee, we kichwa maji, unaipika barafu! Shimo la kutosha kumwogeshea mtoto, limefika hadi kwenye saruji! Fainali imeahirishwa. Wageni wakauliza kama hapa tunacheza hoki au tunafuga samaki.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya misa nikapita uwanjani. Kamati imebandika tangazo mlangoni: Orville amesusa, hataki hata kuiona ile barafu. Anatafutwa dereva wa fainali ya marudio, mtu yeyote isipokuwa Metro. Kwa herufi kubwa! Nikashtuka hadi kofia ikadondoka. Padre alikuwa nyuma yangu. Akalisoma tangazo, akasema, afadhali.

Nikasoma tena, polepole, kwa unyenyekevu. Hakuna neno lolote kuhusu Verna. Nimeshamwandikisha. Yeye hajui bado. Kesho naanza kumfundisha.