Jumamosi Tatu na Kadi Moja ya Picha

3 Machi, Jumatatu

Natangaza rasmi, mbele ya daftari hili na ukuta unaonitazama, kwamba subira yangu imekwisha. Miaka ishirini na mitatu! Muda huo wote Dada amenishinda katika mchezo ule ule wa mbio za magari, na muda huo wote ameniita Utingo. Kanuni tuliitunga wenyewe tukiwa watoto: mshindi ndiye Dereva, mshindwa ndiye Utingo, na vyeo havibadiliki mpaka siku mshindwa atakaposhinda. Sijashinda. Hata mara moja.

Juzi, baada ya kunitoa jasho kama kawaida ya kila Jumamosi, kila mtu nyumbani kwake na kompyuta yake, alinieleza kwenye simu kwamba amepata kazi ya uhandisi katika meli inayotandaza nyaya chini ya bahari. Miaka miwili majini. Intaneti ya huko, alisema, inatosha salamu, haitoshi mbio. Zimebaki Jumamosi tatu: tarehe 8, 15 na 22. Kisha akacheka, akasema atanitumia sare ya utingo kwa posta, nimwambie tu kipimo cha kiuno.

Sikucheka. Kosa si langu, ni la kompyuta. Kila nifikapo kona ya tatu, ile ya mlimani, picha inaganda. Gari langu linaning'inia kama shati kwenye kamba. Picha ikirudi, Dada yuko mbele yangu kwa urefu wa magari mawili, na hivyo ndivyo tunavyomaliza. Daima magari mawili! Tofauti ndogo namna hiyo ni aibu ya mashine, si ya mtu.

Nikibadilisha kifaa kimoja, nashinda. Na fedha niliyonayo, yaani bahasha niliyopewa kwa kuhutubia hafla ya kumuaga mhasibu wetu, inaruhusu kimoja tu. Kipi?

4 Machi, Jumanne

Nimeitisha kikao cha kamati sebuleni. Wajumbe: mimi, ambaye ni mwenyekiti; mke wangu, ambaye ni mfamasia; na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, aliyealikwa kwa sababu anayo kompyuta yenye ubavu wa kioo na taa za rangi saba. Hakuna mgeni aliyewahi kutoka nyumbani kwake bila kuonyeshwa taa hizo.

Shemeji alisema kadi ya picha, ile inayochora picha za skrini, basi, mengine yote ni kupaka poda maiti. Nikamwomba afute kauli. Akafuta, akasema kompyuta yangu si maiti, ni kumbukumbu ya taifa, na inafaa kuzungushiwa uzio. Mke wangu alipendekeza nisinunue kifaa chochote, ninunue kiti, kwa kuwa yeye ndiye anayenichua mgongo kila Jumapili asubuhi.

Tukampigia fundi wa kompyuta wa mtaani. Aliapa kwamba tatizo ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Amefanya kazi hii miaka mingi, alisema, akisikia tu jinsi mteja anavyopumua anajua kuwa ni RAM. Nilipomuuliza kama anazo, akajibu kwamba RAM zimemwishia, ila anayo kadi ya picha iliyotumika kidogo sana, na aliyekuwa nayo kwanza alikuwa mtu wa ibada. Tatizo likahama papo hapo. Ni kadi.

Hoja ya kadi ilipita kwa kura mbili dhidi ya moja ya kiti.

6 Machi, Alhamisi

Bahasha haifikii bei. Fundi hapunguzi. Ndipo nilipotoa pendekezo ambalo vizazi vitalisimulia: pungufu nililipe kwa hotuba. Mwenye jengo anataka kumpandishia fundi kodi ya duka. Mimi nitasimama, nitasema, na kodi itabaki pale pale. Fundi aliweka bisibisi mezani. Akasema sawa, Mheshimiwa, lakini tafadhali usiniharibie.

Nilihutubia dakika kumi na nne, nikiwa katikati ya rundo la printa mbovu na feni isiyozunguka. Nililisifu duka. Nilieleza jinsi wateja wanavyofurika tangu asubuhi hadi jioni. Nilitaja mikono ya dhahabu. Nilipofika mahali pa kusema kwamba hakuna biashara mtaani inayoikaribia hii kwa ustawi, sauti yangu mwenyewe ilitetemeka. Mwenye jengo alipangusa macho. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kumbe hakuwa akijua. Hakuwa akijua kabisa!

Kisha akamgeukia fundi na kupandisha kodi mara mbili ya alivyokusudia.

Fundi alinikabidhi kadi, maana ni mtu wa neno lake. Lakini alikataa katakata kuja kuifunga. Alisema watu wenye ulimi kama wangu hawahitaji bisibisi.

7 Machi, Ijumaa

Nimeifunga mwenyewe.

Kasha la kompyuta hii ni lile lile alilonunua Baba. Vya ndani vimebadilishwa mara nne. Kasha halijabadilishwa, wala sitaki. Lilikaa sebuleni kwetu, limefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho Mama alikifua kila mwisho wa mwezi. Kibodi ilikuwa moja na watoto tulikuwa wawili. Dada alishika mishale ya kulia, mimi herufi nne za kushoto, na kiwiko chake kilikaa ubavuni mwangu kama samani ya nyumba. Skrini ilikatwa nusu: juu yeye, chini mimi. Mama akipita nyuma yetu na sinia, alikuwa akiinama upande ule ule ambao magari yanainama, halafu anajifanya anatafuta kitu sakafuni. Baba alituruhusu mpaka taarifa ya habari. Muziki wa habari ukilia, anazima, hata kama mtu yuko mita kumi kutoka mwisho. Kwa mtazamo wangu, nilikuwa nikielekea kushinda angalau mara sita.

Turudi kwenye kazi. Kadi ni ndefu kuliko nafasi! Imezuiwa na kile kizimba cha chuma kinachobeba kisoma CD, ambacho hakijaunganishwa na chochote tangu enzi na enzi. Nikachukua msumeno. Nikakata. Kisoma CD kikaanguka, kikafunguka, na ndani yake kulikuwa na CD ya mchezo wetu. Juu yake, kwa kalamu ya wino mzito na mwandiko wa Dada wa darasa la saba: MALI YA DEREVA. UTINGO ANAWE MIKONO KWANZA.

Nilikaa sakafuni nimeishika mpaka mke wangu akauliza kama nimepigwa shoti.

Nimefunga kila kitu. Waya wa skrini nimeurudisha mahali pake pa siku zote. Kesho ni kesho.

8 Machi, Jumamosi

Hakuna tofauti. Hakuna!

Kona ya tatu, picha ikaganda. Picha ikarudi, Dada magari mawili mbele. Mizunguko mitano, aibu tano. Aliniuliza kama kuna nilichobadilisha nyumbani, maana anasikia mvumo kama ndege inayotaka kuruka. Nilisema ni jirani. Akasema jirani huyo atafutiwe uwanja.

Ni dhahiri kwamba fundi ameniuzia kadi iliyokufa. Nimemwandikia barua ya malalamiko, kurasa nne, yenye utangulizi, vielelezo na hitimisho. Mke wangu, akielekea kwenye duka lake la dawa, alikubali kuipitisha, kwa sharti kwamba hataulizwa maoni yake.

Majibu yamekuja jioni hii, yameandikwa nyuma ya ukurasa wangu wa nne. Neno moja: KODI.

11 Machi, Jumanne

Nimesalitiwa ndani ya nyumba yangu. Mke wangu amemwita kaka yake bila kupitia kwa mwenyekiti.

Shemeji alizunguka nyuma ya kasha, akachungulia, akashika kichwa. Nilidhani ameguswa na ufundi wangu. Akatoka, akamtazama dada yake, akarudi kuchungulia tena. Kisha akacheka mpaka akaketi chini. Alipopata pumzi, alieleza kwamba waya wa skrini nimeuchomeka kwenye tundu la zamani, la ubao mkuu wa kompyuta. Kadi mpya haijaunganishwa na skrini yoyote. Siku nne imekuwa ikizungusha feni yake gizani, haina wa kumwonyesha kitu. Akasema, shem, umeoa mke wa pili, halafu umemfungia stoo.

Mke wangu alisema mfano huo ufutwe kwenye kumbukumbu. Ukafutwa.

Shemeji akauhamisha waya. Shibiri moja chini. Shibiri moja tu! Nikawasha.

Sikujua kwamba mlima ule una miti. Miaka yote nilidhani ni pembetatu za kijani. Ina majani, na majani yanatikisika gari likipita. Kwenye kona ya tatu kuna hata benchi, na mtu amekaa, anapunga mkono. Amekuwa akinipungia tangu lini?

Kabla jua halijazama, ukoo mzima wa mke wangu ulikuwa na habari. Mama mkwe alipiga simu kunijulia hali. Akauliza afya, akauliza kazi, akauliza waya.

13 Machi, Alhamisi

Mazoezi yamefana. Kona ya tatu naipita kama maji. Sijawahi kuendesha vizuri hivi, na nasema hivyo bila majivuno, kwa kuwa takwimu ziko pale pale kwenye skrini kwa atakaye.

Nimeandika hotuba ya ushindi. Rasimu ya tatu. Inaanza kwa kumshukuru mshindwa kwa ushindani wake wa miaka ishirini na mitatu, inapita kwa Baba na Mama, mahali pao pa amani walipo, na kumalizia kwa kukabidhiwa cheo. Mke wangu aliisikiliza akiwa anapanga vidonge kwenye vikasha. Alisema ni nzuri. Akauliza kama ipo nyingine, fupi, kwa matumizi mengine. Sikumwelewa.

Nilianza pia kupanga ratiba ya Jumamosi za baada ya tarehe 22. Nimechora mistari. Sikujaza kitu. Nimerudi kwenye hotuba.

15 Machi, Jumamosi

Naandika kwa mkono mzito.

Tulianza pamoja. Kona ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, hakuna kuganda! Yule mtu wa benchi akapunga, nami nikampungia. Nikatazama mbele kutafuta magari yangu mawili ya kawaida.

Dada hayupo. Ametoweka! Mzunguko wa pili sikuona hata taa zake za nyuma. Mzunguko wa nne nikasikia honi, na gari likanipita kwa kasi ya kutisha, likitokea nyuma yangu. Lilikuwa lake. Amenizunguka! Haijapata kutokea, hata siku zile za kibodi moja.

Nilidai uchunguzi. Nilimtuhumu, kwa maneno ya staha, kwamba amenunua kompyuta mpya kwa siri. Akasema anatumia ile ile, ile isiyokuwa na herufi ya M. Kisha yeye akaniuliza: mbona leo hukukwama? Nikamweleza, kwa fahari kidogo, habari ya kadi. Akasema, "Ala!" Nikasikia anavuta kiti.

Akasema kwamba kwenye skrini yake, siku zote, gari langu likifika kona ya tatu huliona limesimama. Basi na yeye hukanyaga breki. Hungoja. Likianza kutembea, naye hutembea, mbele kidogo tu, magari mawili, nisije nikakata tamaa na kuacha kucheza. Leo halikusimama, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kusimama. Alisema, "Mdogo wangu, leo ndiyo nimeendesha."

Nilimshukuru kwa maelezo yake. Sikuwa na rasimu.

Nimekaa hapa tangu hapo, na kilichonijia si mchezo. Ni njia ya shule. Dada alitembea haraka, mbele yangu sana, kwa sababu hakutaka rafiki zake wamwone na mdogo wake. Lakini kila siku, penye kona ya fundi wa matairi, nilimkuta ameinama anafunga kamba za viatu. Nikimkaribia, anainuka, anaondoka, hasemi neno. Viatu vyake vya shule havikuwa na kamba.

Mke wangu aliuliza nani amefariki. Nikasema hakuna, ni vumbi la kadi.

16 Machi, Jumapili

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na funzo liko wazi kama mchana.

Nikikwama, Dada anasimama. Aliyesimama anaweza kupitwa! Miaka yote hii nilikuwa na silaha mkononi, nikaihesabu kuwa ugonjwa. Ninachohitaji si kompyuta ya kasi. Ninahitaji kompyuta itakayokwama kwa uhakika kwenye kona ya tatu, imvute akanyage breki, kisha izinduke kwa amri yangu, nimpite huku bado ananionea huruma.

Nimekwenda nyumbani kwa fundi. Alinipokea mlangoni, mikono kiunoni. Lakini nilipomweleza haja yangu, hasira ilimtoka, akanivutia kigoda. Alisema tangu ajue kushika bisibisi, wateja humjia kuondolewa uzito wa mashine. Mimi ni wa kwanza kuja kuununua. Bidhaa hiyo anayo tele. Ipo diski inayokwaruza, ipo RAM inayosahau, ipo pawa saplai, kile kigawa umeme, inayozimia na kuamka. Yupo tayari kuichukua ile kadi na kunipa kimoja kati ya vitatu. Kimoja tu. Nimeomba siku mbili nifikiri, kwa sababu uamuzi wa namna hii haufanywi kwa pupa.

Kwa uungwana, nimemwandikia Dada kwamba Jumamosi ya mwisho mashine yangu huenda ikakwama sana, pengine kila kona, asishangae. Amejibu dakika ile ile. Amesema hana haraka. Siku hiyo ameiacha wazi yote, nikwame nitakavyo.

Maskini Dada! Hashuku kitu.