Gari Lisiloinama Mkia

Dewey Vandehei alipoona magari yamejaa nje ya baa mchana ule wa Ijumaa, mikia yote imelala chini kama mbwa waliochapwa, akajua Mungu hajamsahau. Ilikuwa wiki ya kuwinda kulungu, kaskazini mwa Wisconsin. Kila gari lina jukwaa la chuma limechomekwa nyuma, na juu ya jukwaa kuna friza, kuna bia, kuna kulungu, imebaki kidogo tu wapakie na shemeji. Springi zimechoka, taa za mbele zinatazama mbinguni.

"Sogeeni, wakubwa," akaita. "Pandeni nyuma ya gari langu. Wewe mwenye tumbo, usione haya, wewe ndiye nakutaka hasa."

Wakapanda wanaume watatu wa maana. Mkia haukushuka hata unene wa kidole.

Ungeshukaje? Dewey alishagongomea magogo mawili ya mwaloni, yamepakwa rangi ya chuma, pale springi inapotakiwa kucheza. Alichouza ni mipira miwili myekundu ya kuchomeka ndani ya springi, eti teknolojia ya roketi. Mipira yenyewe ya kuchezea mbwa. Gari lile ndilo lilikuwa duka lake, ndilo kitanda chake, ndilo mke wake, na halijawahi kumwangusha.

Bibi Arlys Gunderson, mpiga kinanda wa kanisani, akasogea na sahani yake ya samaki.

"Mwanangu, hawa wamejaa hewa tu. Mimi nataka kuona mzigo."

"Mzigo gani, mama?"

"Nina kasha la soseji za harambee, linaenda kwa dada yangu ng'ambo ya mto. Libebe wewe, mimi nakufuata. Mkia usiposhuka, kwaya nzima tunanunua. Na waume zetu wote wanene."

"Kwani gari lako lina nini?"

"Langu linaburuta mkia. Wiki hii askari wa wanyamapori wanasimamisha kila gari lenye mkia chini. Soseji zitaniharibikia."

Dewey akaipigia kwaya hesabu, mate yakamjaa. Kasha likapakiwa. Zito, lakini soseji za Kilutheri si mchezo.

Sasa, gari lisilo na springi ni punda wa mbao. Kila shimo lilipanda uti wa mgongo likamgonga kisogoni. Darajani askari akautazama ule mkia ulionyooka, akampungia apite. Dewey akatabasamu mpaka jino la mwisho.

Hatua chache mbele kuna reli.

Gari likaruka. Kasha likaruka juu zaidi, kifuniko kikafunguka, pembe za kulungu zenye ncha nane zikachungulia nje kama zinaulizia njia.

Askari akaja bila haraka. "Soseji zako zimeota pembe."

"Kwanza nani kakwambia ni soseji?"

"Imeandikwa ubavuni mwa kasha."

"Si zangu, afande. Za bibi anayekuja nyuma yangu."

Bibi Arlys akafika, gari lake linakwangua lami, ndani limejaa mablanketi mpaka darini. Akashusha kioo, akamwita askari. "Pole na kazi, Lyle. Kafanya nini huyo?"

"Kulungu bila kibali, mwalimu."

"Vijana wa siku hizi," akasikitika. "Jumapili usichelewe."

Akaondoka polepole. Kwato moja ilichomoza chini ya blanketi, kama inaaga.

"Afande, angalia lile gari!"

"Yule kanifundisha kinanda," askari akasema, akachomoa funguo za Dewey. "Gari hili sasa la serikali."

Kisha akachuchumaa nyuma ya gari, akaviona vimpira vyekundu ndani ya springi, akakuna kidevu. "Ila mzigo wote huu na halijainama. Langu linaburuta vibaya. Umelifanyaje?"

Maisha yote Dewey alikuwa anamsubiri mteja wa namna hii. Akazitazama funguo mkononi mwa mwenzie, ulimi ukamwisha utamu.

"Magogo, afande. Magogo matupu."

Askari akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Wewe mwongo wewe. Kwanza bibi wa kanisani, sasa magogo. Haya, niuzie hivyo vimpira."