Jeep Inayofagia Kioo Jua Likiwaka

Kasongo, siku yangu ya tisa bila kazi

Kwa Mheshimiwa Prezidenti Sumaili, mukubwa wa chama cha madereva wa soko,

Nakuandikia kwa heshima yangu yote, nyingine haikubaki nyumbani.

Uliamuru kila gari la zamani libadilishwe boîte ya fusibles, lile sanduku linalogawa moto wa batri, maana zetu tuliziunga kwa karatasi ya sigara. Nikatii. Fundi Gédéon akang'oa boîte iliyokaa ndani ya jeep yangu tangu nilipokuwa na meno. Akasema anaenda kuitupa shimoni. Sasa sikia matunda ya utii.

1. Zamani nikikata kushoto, vifagio vya kioo vilicheza. Nikikanyaga freni, klaksoni ililia. Mji mzima ulijua lugha hiyo, hata mbuzi: "Mzee Iliasi anafagia, anaingia kushoto, mupishe." Sasa nina taa ya pembeni, inapepesa kama jicho la mutu anayetongoza, na hakuna anayejua inataka nini.

2. Juma lililopita niliiwasha kwa adabu, nikakata kushoto, nikapanda juu ya kitunga cha ndizi cha Mama Albertine. Akaniuliza mbele ya watu: "Mzee, hukufagia. Mimi ningejuaje?" Nikainama kuokota ndizi zilizopona.

3. Ni kweli, mvua ikinyesha nilizunguka kushoto tu, kushoto tu, ili nione barabara. Safari ya Nyangwe ilinimaliza siku mbili. Lakini nilifika, na watu wa njiani walinisalimia mara nne nne.

4. Chama chako kilichoniamuru ndicho kilichonifukuza kwenye parking ya soko mwezi mzima, eti "anakata bila kuonyesha". Nilionyesha. Wao walitazama kioo. Mutu anakunyoa ndevu, kisha anakushitaki kwamba huna ndevu. Na bila parking mimi si dereva tena, ni muzee tu anayeketi ndani ya chuma.

5. Hili ndilo kubwa. Gari langu lilikuwa la kweli. Watu walijua naenda wapi kabla sijafika. Marehemu muke wangu hakuniuliza kitu miaka thelathini. Je, gari linalogeuka kimya si mwanzo wa uongo mjini?

Kwa hiyo naomba boîte yangu ifukuliwe, nami nirudishiwe parking. Ama chama kiwafundishe mbuzi wote wa Kasongo maana ya taa ya pembeni, kabla ya Ijumaa.

Salamu kwa komite, kwa ndizi zilizopona, na kwa muke wako Mama Arlette, mwenye akili kuliko chama chote.

Ni mimi, anayekutii mpaka hasara,
Mzee Iliasi wa jeep ya kijani

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, jeep yako ikapita. Jua kali, vifagio vikacheza, ukaingia kushoto, kwa Rosine mjane. Ukakanyaga freni mlangoni, klaksoni ikalia mpaka mtaa mzima ukatoka kukusalimia. Kumbe Gédéon hatupi kitu. Basi futa barua yote. Boîte ikae kwako, inafanya kazi nzuri. Mimi nitatosheka na parking yangu, kesho asubuhi. Mama Arlette amekwisha kuniuliza kwa nini unafagia kioo na mvua haiko. Nimemwambia nitamujibu kesho mchana.