Kitu Kibovu cha Kwenda Nacho

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu wa ushauri amegawa fomu. Karatasi moja tu, nyepesi. Juu ina visanduku viwili: masomo ya juu au chuo cha ufundi. Chini ina mstari mmoja: kazi unayokusudia. Mstari wenyewe mfupi kuliko kidole changu cha kati. Maisha yangu yote yaenee hapo!

Mwisho ni Ijumaa, saa sita mchana. Asiyerudisha atapangiwa na ofisi. Inasemekana mwaka jana ofisi ilimpangia mapishi mtu anayetapika akinusa vitunguu.

Binamu yangu, tunayekaa naye nyumba moja na kusoma naye darasa moja, alimaliza kujaza kabla mwalimu hajafika dawati la mwisho. Udaktari. Anautaka tangu ana miaka sita, na nyumbani sote tunamwita Daktari. Fomu ameitia kwenye mfuko wa plastiki.

Mimi Baba ananiita Wakili. Anataka nisome sheria. Mimi, ninayetoka jasho kusema “nipo” majina yakiitwa.

Si kwamba sina hamu. Nimesoma vitabu kumi na kimoja vya maktaba kuhusu kazi za watu, na kila nilipofunga kimoja nilikuwa nimeshaajiriwa. Niliwahi kuwa rubani kwa siku tatu. Mfuga nyuki, wiki nzima. Sasa nahitaji kuona kwa macho. Lakini kumwendea mtu nisiyemjua na kumwambia naomba kukutazama? Heri nimeze dawati.

Jioni: nimepata! Mtu mwenye kitu kibovu mkononi hahitaji kujieleza. Anakiweka mezani, anakaa. Kitu kinamsemea. Kasoro ni moja: nyumbani kwetu hakuna kitu kibovu.

Hilo linarekebishika.

Jumanne, 4 Juni

Saa ya ukutani ya sebuleni. Kisu cha mezani, dakika nne.

Chumba cha fundi saa ni chembamba kama kabati. Alibana lenzi jichoni, akaifungua, na ndani, jamani! Magurudumu ya shaba yenye meno, dogo kuliko yote sawa na punje ya ufuta, na yote yanangojeana zamu. Fundi alizuia pumzi kila aliposhika kibano. Nami nikazuia yangu. Tulikaribia kuzimia wote wawili. Kisha akagusa mahali fulani kwa ncha ya sindano, saa ikaanza kwenda, nikasisimka mwili mzima. Miaka yote saa ile inatutazama tukila, wala sikujua ina mji mzima mgongoni.

Aliuliza nani aliyeichokonoa kwa kisu. Nikasema mjomba. Mjomba wangu wa pekee yuko ng'ambo.

Nimeandika kwenye fomu: fundi saa. Kwa wino.

Jumatano, 5 Juni

Miwani ya Bibi. Nimetoa skrubu moja tu, ya mkono wa kulia. Ipo mfukoni mwangu.

Bibi alikunywa chai aliyoitia chumvi badala ya sukari, kisha akalisalimia koti la Baba lililotundikwa mlangoni na kuliuliza habari za kazini. Dhamiri ilinichoma. Nikajitolea kuipeleka miwani mbio mbio.

Nikisubiri, fundi miwani akaniambia nisome herufi za ukutani. Nikamuuliza ukuta upi. Akanivisha fremu nzito ya chuma, akawa anabadilisha vioo, kimoja baada ya kingine, kisha akaniambia nitazame dirishani.

Mti wa ng'ambo ya barabara una majani. Moja moja! Kila jani na ukingo wake, na kila moja linatikisika kwa wakati wake. Siku zote nilidhani waandishi wanaoona majani kutoka mbali wanatia chumvi. Niliyahesabu mpaka fundi akauliza kama naumwa.

Sauti ikanitoka yenyewe. Nikamuuliza kioo kinafanyaje hivyo.

“Kukikata, mkono wangu unajua,” akasema. “Kwa nini mwanga unapinda, sijui. Niliacha shule kabla hatujafika sura hiyo. Mpaka leo inaniwasha.”

Sura hiyo iko kwenye begi langu, ndani ya kitabu cha fizikia. Ukurasa wa mia moja na nne. Nimeibeba muhula mzima kama tofali.

Akasema nahitaji miwani, nirudi na mzazi. Mzazi atauliza nilikwenda kufuata nini. Sitarudi.

Nimekwangua “fundi saa” kwa wembe, nimeandika “fundi miwani”. Karatasi hapo imekonda.

Alhamisi, 6 Juni

Tulirudi sote kutoka kumwona mgonjwa, nikapewa ufunguo nifungue. Ukavunjikia ndani ya kitasa. Kwa msaada wangu. Hesabu yangu haikuwa na familia nzima kukaa kwenye ngazi.

Nikajitolea kuita fundi vitasa; aliyekuja ni mama mwenye mkoba kama wa mkunga. Alitoa kipande cha ufunguo kama anayetoa mwiba. Kisha akaegemeza sikio mlangoni, akafumba macho, akaingiza waya mbili taratibu kama anayemsuka mtoto mwenye usingizi. Mlango ukafunguka bila ubishi. Mlango niliodhani ni kitu kigumu kuliko vyote tulivyo navyo, kumbe ulikuwa unangoja kubembelezwa.

Nikakimbilia fomu na wembe. Wembe ukatokea upande wa pili. Fomu ina tundu.

Niliporudi sebuleni Daktari alikuwa anasoma historia ya ugonjwa mbele ya wote: saa Jumanne, miwani Jumatano, kitasa leo. Akasema kila kilipoharibika kitu kuna mtu mmoja aliyejitolea kwenda kwa fundi. Nikatoa leso nijifute jasho. Ikadondoka skrubu. Bibi, miwani puani, aliiona kabla haijaacha kubingirika.

Nikalieleza zulia kila kitu. Baba akasema mtu anayetembea na ushahidi mfukoni siku mbili asipelekwe karibu na mahakama. Sheria imenusurika. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Bibi hakucheka.

“Mjukuu wangu, si ungewaomba tu wakuache utazame?”

“Siwezi kuomba, Bibi.”

“Utaweza. Niapie. Hutagusa tena kitu cha nyumba hii. Na ukitaka jambo, utafungua mdomo uombe.”

Nikaapa.

Ijumaa, 7 Juni

Kabla ya shule Bibi alinipeleka kwa fundi miwani. Vioo vyangu alishavikata tangu juzi. Alisema alijua nitarudi, uso niliokuwa nao dirishani haukuwa wa mtu wa kukaa nyumbani.

Nilitembea mdomo wazi. Nyaya za umeme zina ndege. Kuta zina nyufa. Bibi ana ndevu tatu kidevuni.

Kwenye foleni Daktari alikuwa mbele yangu. Kupitia plastiki yake niliona kilichokuwa kinanipita siku zote: alama za wembe. Chini ya “udaktari” kuna kivuli cha neno jingine, refu, lililoandikwa na kufutwa kwa uangalifu mkubwa. Hata yeye! Akanigeukia, akanong'ona kuwa nikisema ataniua kitaalamu. Sijawahi kumheshimu kama leo.

Mwalimu aliinua fomu yangu, akanitazama kupitia tundu. Akasema ofisi haipokei maisha yaliyotoboka. Akanipa fomu mpya na penseli. Penseli, mimi peke yangu.

Nikaweka alama kwenye masomo ya juu. Kwa ajili ya ukurasa wa mia moja na nne. Kwenye mstari wa kazi nikaandika: kujua kwa nini. Mwalimu akasema hiyo si kazi. Nikaandika: fizikia, kwa sasa. Akakuna kichwa, akagonga muhuri. Saa sita kasoro dakika tatu.

Jumapili, 9 Juni

Utulivu mkubwa. Nimesoma ile sura mara mbili. Nimeelewa nusu, na nusu hiyo imeniacha nikitazama glasi ya maji kama mtu aliyeona malaika. Njia yangu imeamuliwa. Moyo umetua.

Nyuma ya soko kuna fundi redio. Nimempita leo. Sasa naona mpaka ndani: waya za rangi, moshi mwembamba, tone la risasi ya kulehemu linayeyuka na kung'aa, na kutoka kwenye mfupa wa redio iliyokufa, ghafla, sauti ya mwanamke anasoma habari. Nilisimama mpaka fundi akainua kichwa. Nikakimbia.

Nilimwahidi Bibi mambo mawili, na yote nimeyatimiza. Sijagusa kitu cha nyumba hii. Na nilipotaka jambo, nilifungua mdomo: nilibisha hodi kwa jirani, nikamtazama usoni, nikamwomba kwa sauti kamili aniazime redio yake.

Ni nzima kabisa. Skrubu ni nne.