Bafu Letu na Neno "Noted"

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Kujifunza Kiingereza.

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, na kwamba bafu lako lina mlango. La ploti yetu hapa Kiuu halina, na wa kulaumiwa ni wewe.

1. Mlango wetu uling'oka mwezi uliopita. Nilimwandikia keateka, yaani msimamizi wa ploti, Kagwe, kwa heshima zote: "Niaje Kagwe, mlango wa bafu umeanguka, na mathe wa Viola anakuja kuona mtoto." Viola ni mke wangu, na mathe ni mama yake. Kagwe akajibu kwa Kiingereza: "Noted."

2. Nilifungua ukurasa wako kutafuta maana. Uliandika kwamba jambo limepokelewa, limezingatiwa, na litashughulikiwa. Nikakuamini, mtu mzima mimi! Nikaliondoa gunia nililokuwa nimetundika pale mlangoni, ili fundi asisumbuke. Tangu hapo jirani yetu Mwas huoga akijikinga kwa mwavuli, na mkewe hanisalimu.

3. Nikadhani labda Kagwe ndiye hajui Kiingereza. Kwenye mkutano wa mheshimiwa wetu niliuliza habari za barabara. Akasema "Noted", watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kiwandani Thika niliomba ruhusa ya siku moja. Supavaisa akasema "Noted", nikakaa nyumbani. Niliporudi nilimkuta Austine, mfanyakazi mpya, kwenye mashine yangu. Kijana mwenye adabu, aliniambia pole.

4. Kwetu sisi Wabukusu, mimi na mama mkwe hatupeani hata mkono. Sasa unataka akija Jumamosi anikute mchana kweupe nimejaa povu? Nitarudi Bungoma na uso gani? Naogopa, Ndugu Mhariri, na sioni haya kusema hivyo.

5. Kwa hiyo naomba ulifute neno hilo ukurasani mwako, kisha uwaambie wenye kamusi nao walifute, kabla ya Jumamosi. Likishindikana, basi andika maana yake halisi: nimesoma, sasa niache.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na askari wa getini, ambaye bila shaka ana geti.

Wako aogaye kwa haraka,
Wamalwa,
Kiuu, Ruiru.

N.B. Tafadhali usifute chochote kwanza. Mama mkwe ameandika sasa hivi kwamba atakaa nasi mpaka mtoto aanze kutembea. Mtoto ana miezi miwili, na chumba chetu ni kimoja. Viola amenipa simu yake nimjibu mamake, huku akinitazama usoni. Kukubali siwezi, kukataa sithubutu. Nimeandika neno moja tu, la Kiingereza, na Viola amefurahi mpaka ananipikia chapati.