Wageni Wembamba wa Tumboni

Bariadi, Jumatatu, 2 Juni 2025

Kliniki. Kilo 103! Muuguzi Stephania kasema sukari yangu iko mpakani. Nina wiki moja nipunguze kilo mbili, la sivyo naanza vidonge. Nitembee kila siku, ugali nipunguze. Nikamwambia kwamba baba yangu alianza na vidonge hivyo hivyo, akaishia kukatwa mguu. Akajibu kwamba baba aliviacha, ndiyo maana. Sikutaka kubishana. Juu ya bodaboda nimeitazama miguu yangu yote miwili mpaka nyumbani.

Jumanne, 3 Juni

Nimesoma kwenye simu. Tumboni mwa mtu mmoja kuna bakteria wengi kuliko watu wa dunia nzima. Wanasayansi walichukua bakteria wa panya wembamba, wakawapa panya wengine, nao hawakunenepa! Chini wameandika kwamba kwa binadamu utafiti bado unaendelea. Basi uendelee. Mimi nina siku sita.

Kazini ghalani, kwenye mizani ninayowapimia wakulima pamba, nikawawaza bakteria wa kwangu. Niliwaona kama kijiji. Wamelala kivulini, wavivu, hakuna anayelima. Kisha wakatokea wageni wembamba, na ng'ombe weupe kama pamba, polepole, vumbi likipanda nyuma yao kama moshi wa asubuhi... Mkulima mmoja akauliza kama gunia lake nalipima au naliombea.

Jumatano, 4 Juni

Nani mwembamba kuliko wote ninaowajua? Mama mkwe, Nyanjige. Miaka sabini na moja, kitambi hana hata cha dawa, na ugali anakula kunizidi. Siri ni kibuyu chake cha maziwa mgando. Hakijawahi kuonja sabuni, hufukizwa moshi tu. Bakteria wa miaka arobaini!

Tatizo: mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hamwombi chakula. Mke wangu Rahel kakataa kuniombea. Kasema niache uchizi, nitembee.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda kwa bodaboda. Mama mkwe yuko shambani, anachimba viazi. Safi. Nikanyata jikoni, nikakitungua kibuyu. Kugeuka, huyo mlangoni, jembe begani! Nikapiga goti. Nikasema, "Mwangaluka, mayu." Salamu yetu Wasukuma ya kumwamkia mama asubuhi, na ilikuwa saa tisa alasiri!

Akageuza uso, maana desturi haitaki aseme na mkwe ana kwa ana, akamwambia kuku aliyekuwa pale kwamba wezi wa siku hizi wana adabu, wanapiga magoti. Nami nikamwambia kuku kwamba naumwa, dawa yangu ni maziwa haya. Akamwambia kuku amwache mgonjwa aondoke nayo.

Jumamosi, 7 Juni

Vikombe vitatu kutwa. Simu inasema bakteria nao hulishwa, wanapenda nyuzinyuzi. Nimewapa michembe, viazi vyetu vya kukausha. Bakuli asubuhi, bakuli jioni. Karanga juu. Wageni wasilale njaa.

Ghalani nikajining'iniza kwenye ndoano ya mizani. Mlinzi Mayunga akauliza kama mzigo huo ni pamba safi au ni fifi, ile ya daraja la chini. Naye ni mgonjwa wa kliniki ile ile, kila alfajiri anatembea hadi njia ya Maswa, jasho tupu. Namhurumia. Kilo 104. Nikatoa mbili za nguo, kama tunavyotoa za gunia. Nashuka!

Mchana nimejilaza, nimelisikiliza tumbo. Kengele za ng'ombe, mbali sana. Sijatembea. Nitawachosha wageni bure.

Jumatatu, 9 Juni

Kilo 106. Nikamwomba Stephania atoe za nguo. Kasema keshazitoa. Mayunga kashuka tatu, kanichekea meno yote nje. Nimepewa vidonge.

Nikarudisha kibuyu. Mama mkwe akamwambia kuku aulize kama mkwe kapona. Nikamweleza kuku yote: panya, wageni, michembe. Mama mkwe akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Akasema maziwa yale yeye hagusi, yanamjaza tumbo gesi. Huwagandishia wake za wanawe wakijifungua, wapate mwili! Yeye ana shamba tu. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na jembe lile lile mkononi tangu aolewe.

Jumanne, 10 Juni

Nimeelewa! Nilikosea chombo!

Nimekwenda kwa bodaboda kuliomba lile jembe. Mama mkwe akamsahau kuku. Akaniambia mimi mwenyewe, usoni, kwamba hatimaye binti yake kapata mume. Machozi yalimlengalenga. Rahel naye kanipikia mchana kwa nyimbo.

Kidonge nimemeza. Jembe liko kitandani, upande wa ukutani. Mpini mweusi, laini, umeshikwa miaka yote hiyo na haujaonja sabuni. Nimeukumbatia kwa viganja vyote viwili, macho nimefumba. Wageni wanakuja. Ng'ombe weupe, vumbi, kengele...

Rahel kachungulia, kauliza kesho naanzia kulima upande gani. Nimemwomba ashushe sauti. Wanavuka.